Lumbesa

Kazi yangu ni mizani. Soko la mahindi, Kibaigwa:
naning'iniza gunia, nasoma mshale, natamka kilo,
na likivimba shingo, likishonewa kilemba cha kamba,
nasema hii lumbesa, shusha, punguza.

Kwa hiyo Jumamosi usiku, katika banda la video la Mbeleje,
yule dada wa kwenye filamu aliponyanyua behewa la treni
kwa mkono mmoja, wa pili ukitengeneza nywele,
mdomo ulinitoka kabla ya akili:
"Huyu naye amejazwa lumbesa."

Vijana wakacheka. Chedego akapiga benchi.
Perisi hakucheka.
Perisi hushona magunia, sindano yake ndefu kama kidole,
na macho yake nayo hushona.

Umeme ukakatika palepale, kana kwamba nao ulitaka kusikiliza.

"Lumbesa ni kosa la gunia lolote," akauliza gizani,
"au la gunia lililofungwa khanga?"

Nikajitetea. Sina neno na wanawake, nikasema,
mama yangu mwenyewe mwanamke (akaguna),
nasema tu hatoki jasho, haogopi, hakosei,
mwalimu wake alimkuta ameshajua.
Shujaa asiyeweza kushindwa, akishinda ana habari gani?
Nilisema vizuri. Hata mimi nilijisikia.

"Wiki iliyopita tulikaa benchi hilihili.
Mwanaume mmoja alipigwa risasi kumi na mbili,
akazing'oa kwa meno, akawasha sigara, akamaliza kambi nzima.
Fulana yake nyeupe mpaka mwisho.
Wewe ulisimama. Ulipiga mluzi.
Siku hiyo mizani yako uliiacha sokoni?"

Giza lina faida zake: uso wangu haukuonekana.

Chedego, katika kunisaidia, akaharibu:
"Lakini wanawake wenye nguvu wapo kweli! Tazama mama zetu,
ndoo kichwani, mtoto mgongoni, kutoka Pandambili..."
"Hao usiwaguse," Perisi akamkata.
"Hao wanachoka. Goti la mama yangu linalia kama bawaba.
Sikulipa mia tano nije kumtazama mama.
Nataka mmoja asiyechoka. Mmoja tu.
Ninyi mmerithi maghala ya uongo, hamjawahi kuyapima;
sisi tumepewa debe moja, tayari mmeleta mizani."

Kimya. Mtu akatafuna karanga.

Nikasema polepole, maana lilikuwa bado linaniwasha:
"Perisi, kweli kabisa. Ulimwogopea?
Hata mara moja? Hata pale darajani?"

Akakawia. Nilisikia bangili ikigusa ubao.
"Hapana," akasema. "Hilo nakupa.
Waliomtunga waliogopa wao. Walijua akianguka tu
mtasema: si tulisema?"

"Tungesema," akaitikia Mbeleje, ameinama kwenye jenereta.

Jenereta likakohoa mara tatu, likakubali.
Yule dada akalishusha behewa, abiria wote wazima,
nywele zake ziko vilevile.
Nikatafuta jasho. Sikuliona. Nikanyamaza.
Mbele yetu binti wa Mbeleje, miaka tisa,
kasimama juu ya kreti la soda, mkono mmoja hewani,
amebeba kitu ambacho sisi hatukukiona,
na mkono wake, nawaapia, ulikuwa unatetemeka.

Kisha filamu ya pili. Mwanaume peke yake, jeshi zima.
Risasi ya kwanza. Ya nne. Ya tisa.
Vijana wameshasimama.
Perisi akaniinamia sikioni:

"Haya. Soma mshale."